Hali ya hewa ya Dar mwezi kwa mwezi: tunayoambiana na hali halisi

"Dar ni joto tu mwaka mzima, misimu hamna." Hii ndo naisikia kuliko zote, hasa kwa waliohamia karibuni toka Mbeya au Songea, na sio kweli. Mchana namba hazichezi sana, Julai kama nyuzi 29, Februari 32 au 33, lakini njoo usiku sasa, Julai inashuka mpaka 18 au 19 watu wanajifunika na feni inazimwa, Februari usiku ni kama 25 na hewa nzito, unageuka kitandani mpaka alfajiri. Kinachotenganisha miezi huku pwani ni upepo. Desemba mpaka Machi unavuma kaskazi toka upande wa Arabuni, wa joto, halafu kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba hivi ni kusi, unatoka bahari ya kusini ambako muda huo ni msimu wa baridi, ndo unaotuletea kipupwe. Ukielewa huo upepo, mambo mengine yote hapa chini yanajieleza.

Halafu kuna hili la watu wa bara, wa mikoa ya kati na kusini: kwao mvua ni msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili, basi wakifika Dar wanategemea Januari na Februari ziwe za mvua. Huku hapana. Ukanda wa mvua unatupitia mara mbili, ukishuka kusini tunapata vuli, Oktoba mpaka Desemba, ukirudi kaskazini tunapata masika, Machi mpaka Mei, katikati hapo Januari na Februari ni kiangazi, manyunyu ya hapa na pale tu.

"Desemba ndo joto kali kuliko miezi yote." Desemba joto lipo ndio, ila kilele ni Februari na Machi. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwahiyo jua linatupita utosini siku za mwanzo za Machi na tena kama tarehe 10 Oktoba. Sasa mbona Oktoba haituchomi kama Machi? Sababu ni bahari. Oktoba maji bado yana ubaridi wa kusi, Machi yameshapashwa miezi kadhaa mfululizo, na juu ya hapo kaskazi unakuwa unaisha na kusi haujashika, yale maleleji, upepo unakata kabisa. Hapo ndo utasikia mtu anasema simu yake inadanganya, imeandika 32 na yeye anahisi 40. Simu haidanganyi, hiyo 32 ni joto la hewa kivulini, ila hewa imeshajaa unyevu na jasho haliwezi kukauka mwilini, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Mtu akiwa Dodoma kwenye 32 hiyohiyo anatafuta kivuli tu maisha yanaendelea. Kwahiyo wazee na watoto wachanga msiwaangalie kwa namba ya simu, maji na upepo wapate hata kama kipimo kinaonekana cha kawaida.

Masika nayo inaogopwa vibaya, eti mvua kutwa kucha miezi mitatu. Aprili kweli ndo mwezi wa mvua kuliko yote, wastani unazidi milimita 250 wakati mwaka mzima ni 1,100 na kidogo, lakini siku nyingi inapiga usiku au alfajiri, saa tano jua limetoka na nguo zinakauka. Na wanaosema Juni mpaka Septemba hakuna hata tone nao wanakosea, Agosti kuna mvua ya mchoo, nyepesi, inakuja na kuondoka.

Ila hilo la ukavu lina madhara makubwa kuliko watu wanavyodhani na naomba nilisemee. Watu wanakagua viwanja na nyumba za kupanga Julai, Agosti, bonde limekauka, kodi rahisi, dalali anakwambia hapa maji hayafiki, unaingia. Miezi mitatu baadaye ni vuli. Na kwenye vuli ndo kuna dhana ninayoiona mbaya kuliko zote, kwamba ni mvua ndogo, mafuriko ni ya masika. Tarehe 20 Desemba 2011 Dar ilianza kupata mvua kubwa ambayo haijaonekana tangu 1954, watu zaidi ya 40 walikufa, familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Hiyo ilikuwa Desemba, vuli. Mwaka 1997, 2019 na 2023 pia vuli ilivuruga watu. Vuli haitabiriki kirahisi kama masika, mwaka huu inaweza kukosekana, mwaka ujao ikabomoa nyumba, inategemea sana joto la Bahari ya Hindi na Pasifiki.

Hapo wengi wanarukia kwamba basi mafuriko ni El Niño tu, yaani ule mwaka maji ya Pasifiki yanapopata joto kupita kawaida, wakisikia mwaka huu haipo wanalala. Jamani, ile ya 2011 ilitokea kwenye mwaka wa La Niña, kinyume chake, Pasifiki ikiwa na ubaridi! El Niño inaongeza uwezekano wa mvua kubwa ya vuli, haina maana isipokuwepo uko salama. Tena mto Msimbazi unaanzia milima ya Pugu huko, unaweza kuwa Jangwani mbingu nyeupe na maji yakakufuata toka juu.

"Vimbunga haviji kwetu, tuko karibu na ikweta." Ni nadra, hilo kweli, mzunguko wa dunia una nguvu ndogo ya kuvipinda vikajijenga huku. Lakini Zanzibar ilipigwa Aprili 1872 mikarafuu ikaangushwa ovyo, Lindi ikapigwa Aprili 1952, na kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilifika Mafia kikiwa kimeshapungua nguvu na bado mvua zake zilikata barabara ya Dar kwenda Lindi.

La mwisho ni TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, kuitwa waongo. Wakisema msimu utakuwa wa wastani hadi juu ya wastani wanaongelea jumla ya miezi yote na kwa uwezekano, sio ahadi ya Jumamosi yako ya harusi. Kwa Jumamosi angalia utabiri wa siku, uusome jioni ya Ijumaa sio Jumatatu, na ukumbuke wingu la pwani ni dogo, Mbezi inaweza kulowa chapachapa Posta wakavaa miwani ya jua, wote wawili wakiwa ndani ya utabiri uleule.