Mbuta uliyemrudisha ziwani, je, ataishi?

Swali ninaloulizwa sana na watu wanaokodi boti kwenda kuvua mbuta, yaani sangara, katika Ziwa Victoria ni hili: "Daktari, nikimpiga picha halafu nimrudishe ziwani, si ataendelea na maisha yake?" Wengi wao wameshavua jodari baharini kule Watamu au Malindi, na wanauliza kwa nia njema. Jibu langu hutegemea kina walichomtoa samaki huyo. Mbuta aliyenaswa mita 5 chini ana nafasi nzuri ya kupona. Yule wa mita 25, ukimwachilia hivi hivi, mara nyingi umemwachilia afe taratibu mahali usipomwona.

Asubuhi moja nilikuwa ndani ya boti ya kukodi upande wa magharibi wa kisiwa cha Mfangano. Mgeni mmoja alikuwa ameshusha chambo hai hadi karibu na sakafu ya ziwa. Alipomvuta mbuta wake juu boti nzima ilishangilia, maana alikuwa na urefu wa mtoto wa darasa la tatu. Akapigwa picha, akatiwa majini, watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeona kitu kama puto la waridi kimejaa kinywani mwake, macho yametokeza na tumbo limekaza kama ngoma. Hakuzama. Alilala ubavu, mkia ukipigapiga maji bila kumpeleka popote, hadi upepo ukamsukuma mbali nasi. Furukombe alimzunguka mara mbili. Mwishowe wavuvi wa omena, yaani dagaa, waliokuwa wakirudi ufukweni wakamwokota. Nilipaswa kusema kabla chambo hakijashuka, nami nilinyamaza. Bado jambo hilo linaniuma.

Kilichompata ni hiki. Mbuta ana kifuko cha hewa, kile kile ambacho wachuuzi hukikausha na kukiuza kama bondo, kilo yake ikiwa ghali kuliko kilo ya mnofu. Akiwa hai, kifuko hicho humwezesha kutulia katika kina alichozoea bila kuzama wala kupanda. Hakina njia ya kutolea hewa mdomoni. Hewa huingia na kutoka kupitia damu, tena polepole. Mshipi nao humpandisha kwa dakika chache tu. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo unaokaribia ule wa hewa yote iliyo juu yetu, na kwa kuwa Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Kwa hiyo samaki anayetolewa mita 20 hadi juu, hewa iliyo ndani yake hutaka kutanuka zaidi ya mara tatu. Itakwenda wapi? Husukuma kila kilicho jirani.

Lile puto la waridi, basi, si bondo. Ni mfuko wake wa chakula uliogeuzwa nje kupitia koo. Nimewaona watu wakilitoboa kwa kisu wakidhani wanamsaidia kupumua. Tafadhali msifanye hivyo. Mnamtia jeraha jipya, na hewa inayomtesa inabaki pale pale nyuma ya tumbo.

Desturi za Pwani nazo hazihamishiki zote. Jodari hunaswa mara nyingi karibu na uso wa bahari, kwa kurambaza, yaani kukokota chambo nyuma ya boti inayokwenda. Tatizo lake kubwa ni uchovu. Isitoshe, jodari hupumua kwa kuogelea: maji lazima yapite kwenye matamvua yake bila kukoma, ndiyo maana manahodha wa kule humshikilia ubavuni mwa boti ikienda mdogo mdogo hadi apate nguvu. Mbuta aliyejaa hewa hata ukimkokota kutwa hutamfaa kitu. Anachohitaji ni kurudishwa chini.

Mnaweza kuuliza kwa nini tuhangaike hivi kwa samaki ambaye hata si mwenyeji, kwani aliletwa ziwani humu katika miaka ya 1950, na aina nyingi za fulu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, zikatoweka baada ya yeye kuzagaa. Ni kweli, na hasara ile sitaipunguza kwa maneno. Lakini leo mbuta analisha na kusomesha familia nyingi kuanzia Usenge hadi Muhuru. Dume hupevuka akiwa mdogo kuliko jike, kwa hiyo wale majitu ambao mvuvi wa burudani anawatafuta ni majike karibu wote, na jike mkubwa hubeba mayai kwa mamilioni. Kenya, Uganda na Tanzania ziliwahi kukubaliana kwamba mbuta wa kuvuliwa awe kati ya sentimita 50 na 85. Kipimo cha chini kinamlinda mtoto, cha juu kinamlinda mama. Anayelipa boti ili avue samaki wa mita moja na nusu amekwenda kumtafuta mama huyo makusudi, na dhamana yake ni kubwa kuliko ya mvuvi wa nyavu anayesaka chakula cha jioni.

Ndiyo maana nasema uamuzi wa kumrudisha samaki hufanywa kabla ya chambo kulowa. Ukitaka kuachilia, rambaza kando ya miamba ya visiwa vya Rusinga, Takawiri na Mfangano, kwa chambo bandia kisichozama zaidi ya mita 5 au 6. Usishushe chambo hai kwenye kina. Beba mshipi mzito ili pambano liwe fupi, maana maji ya juu yana joto la nyuzi 25 hivi, na maji ya joto hayana oksijeni nyingi ya kumpa samaki aliyechoka. Ule mwiba wa ndani wa ndoano ubonyeze kwa koleo ulale. Mikono iwe na maji. Usimning'inize kwa taya, uzito wake utamvunja. Mtegemeze kwa mkono chini ya tumbo, na picha ipigwe kwa muda unaoweza kubana pumzi yako mwenyewe. Leseni ya uvuvi wa burudani iulizie kwa maafisa wa uvuvi mapema, na jaketi la kuokoa maisha livaliwe tangu gatini, kwa kuwa upepo wa alasiri haupigi hodi.

Na akitokea wa kina bila ninyi kutaka? Nahodha mmoja wa Mbita sasa hubeba chubwi, yaani kizito cha kuzamishia mshipi, la kilo mbili lililofungwa ndoano kubwa isiyo na mwiba, ncha ikitazama chini. Tulipomjaribishia mbuta aliyevimba, ndoano ilishikizwa kwenye ngozi nyembamba ya taya la chini, chubwi likamvuta kichwa kwanza, nahodha akahesabu pima za kamba kwa sauti. Samaki alipofika karibu na kina alichotoka, nahodha aliivuta kamba ghafla mara moja kwa nguvu. Tulingoja kimya tukitazama maji yaliyomzunguka. Chubwi likarudi peke yake, na hakuna kilichoelea.