Una mkopo wa nyumba na nyumba inataka ukarabati, hela ya ziada iende wapi?

Swali ninaloletewa kuliko mengine yote ni hili, "nimepata kama milioni 5 hivi, nipunguze mkopo wa nyumba au nimalizie nyumba?" na mara nyingi anayeuliza jibu analo tayari, keshaona kabati za jikoni Instagram, kwangu anataka baraka tu. Mimi ni mkadiriaji majenzi hapa Dar, na sehemu kubwa ya kazi zangu inatoka benki, wakitaka kujua nyumba imefika wapi au ukarabati utakula kiasi gani natumwa mimi na mita yangu. Kwahiyo naona karatasi za mkopo na naona pia kenchi zilizooza, na nimeshakuwa na msimamo.

Msimamo wenyewe ni huu: kazi yoyote inayozuia maji au inayohusu umeme itangulie mbele ya benki. Kazi yoyote ya urembo isubiri nyuma ya benki. Zilizobaki katikati zinataka kalamu, na hapo ndio watu wanachemka kwasababu hawajui shilingi yao ikienda benki inafanya nini hasa.

Tuanze na hilo. Mikopo ya nyumba kwetu Tanzania kwa miaka ya karibuni riba inacheza kati ya asilimia 13 na 19 kwa mwaka. (Watu wakisikia kwenye taarifa ya habari riba ya Benki Kuu imeshushwa mpaka 5.75 kama ilivyokuwa Julai 2025 wananipigia simu wanauliza kwanini wao wanalipa 15, jamani ile ni riba ya sera, ya Benki Kuu na mabenki, sio yako wewe.) Tuseme umekopa milioni 60 kwa asilimia 15, miaka 15, riba inahesabiwa kwenye salio lililobaki. Rejesho lako ni kama 840,000 kwa mwezi. Sasa mwezi wa kwanza, katika hiyo 840,000, laki saba na nusu ni riba, deni lenyewe linapungua kwa 90,000 tu. Unalipa miaka miwili yote, umeshatoa zaidi ya milioni 20, unaenda kuuliza salio unaambiwa milioni 57.5. Watu wanadhani wameibiwa. Hawajaibiwa, ndio hesabu ilivyo, miaka ya mwanzo unalisha riba.

Sasa pale miaka miwili imeisha unapeleka ile milioni 5 yako. Hapa kuna kitu nataka ukishike kuliko vyote humu. Ukiipeleka kimyakimya, afisa mikopo anaweza kuingiza kwenye mfumo rejesho likashuka, litoke 840,000 liwe kama 767,000, muda ubaki ule ule. Unafurahi umepumua. Lakini ukiomba rejesho libaki pale pale na MUDA ndio upungue, mkopo unaisha miezi 33 hivi kabla. Tofauti yake? Ukipunguza rejesho, mpaka mwisho wa mkopo umeokoa riba ya kama milioni 6 na laki 4. Ukipunguza muda umeokoa kama milioni 23. Hela ile ile, siku ile ile, dirisha lile lile la benki. Ni kweli milioni 23 za miaka kumi ijayo sio milioni 23 za leo, bei ya saruji itakuwa imeshapanda mara ngapi huko, lakini hata ukiweka hilo bado shilingi yako imekuzalia asilimia 15 kwa mwaka bila presha na bila kumfukuzia mpangaji kodi. Kwahiyo andika barua, usiseme kwa mdomo, andika "naomba malipo haya yapunguze mtaji na muda wa mkopo" (mtaji hapa ni lile deni lenyewe, bila riba), na kabla hujaandika soma mkataba uone kama kuna faini ya kulipa mapema, baadhi ya mikataba inayo hasa miaka ya mwanzo, na mingine haipokei malipo ya ziada chini ya kiwango fulani.

Hiyo asilimia ya mkopo wako ndio kipimo cha kila kitu kingine. Ukarabati wowote unaotaka kuufanya ujiulize, je nikiuahirisha mwaka mmoja, gharama yake itakua kwa zaidi ya asilimia 15? Ndio hapo maji yanapoingia, kwa maana zote mbili.

Chukua hizi nyumba za paa lililofichwa, zile za kisasa ambazo kutoka barabarani huoni bati unaona ukuta tu umepanda juu. Kule nyuma ya ule ukuta kuna gata, mara nyingi la zege, na maji yote ya paa yanashukia humo yatoke kwa bomba moja au mawili. Sasa mwembe wa jirani unadondosha majani, bomba linaziba, mvua za masika zinakuja, maji yanajaa kwenye gata yanapanda juu ya ncha ya bati yanarudi ndani. Mwenye nyumba anaona duara la kahawia kwenye jipsam sebuleni. Anamwita fundi rangi. Fundi anapiga rangi, duara linapotea, mvua za vuli zikija linarudi limekuwa kubwa zaidi. Kuna nyumba moja Kinyerezi nilipanda juu ya dari baada ya lile duara kupakwa rangi mara kadhaa, nikabonyeza mbao ya kenchi kwa bisibisi na bisibisi ikaingia kama kwenye andazi, na waya za taa zimepita hapo hapo zimelala juu ya mbao mbichi. Kazi ya mwanzo ilikuwa kusafisha gata, kuliwekea lami ya kuzuia maji na kuongeza tundu la dharura ili likijaa maji yatokee nje badala ya ndani, kazi ya fundi mmoja na msaidizi. Ikageuka kuwa kufumua sehemu ya paa, kenchi mpya, dari jipya na wayaringi ya sebule. Ile ya usipoziba ufa utajenga ukuta kwetu sisi sio methali, ni makadirio kabisa.

Kwahiyo gata, bati lenye misumari iliyolegea, bomba linalovuja ndani ya ukuta, shimo la maji taka linalofurika, meini swichi inayotoa harufu ya kuungua, hizi usiniulize kuhusu mkopo, lipa rejesho la kawaida la mwezi huo na hela ya ziada yote iingie huku. Na zifanye kiangazi. Fundi anayepandishwa juu Aprili anakuja na bei ya Aprili.

Kuna jingine linaitwa chumvi. Wa Dar mnaijua, ukuta unaanza kubanduka rangi chini kule usawa wa goti, unashika unga mweupe mkononi. Watu wanakwangua, wanapiga skimu, wanapaka rangi ya mafuta ya bei mbaya, miezi michache malengelenge. Unyevu unapanda kutoka chini na ile rangi nzito imeufungia ndani. Na unajua kinachonikera ni nini, mara nyingi chumvi imeletwa na ukarabati wenyewe! Mtu amepata hela akamwaga pevingi uwanja mzima, inapendeza kweli, lakini usawa wa uwanja umepanda ukapita ile nailoni ya kuzuia unyevu iliyowekwa kwenye msingi, kwahiyo sasa mvua ikinyesha maji yanagusa tofali juu ya nailoni na ukuta unanyonya. Hela ambayo ingeenda benki ikakuokolea riba, umeitumia kujinunulia tatizo. Kama lazima upige pevingi acha usawa uwe chini ya ule mstari, sentimita 15 angalau, na mteremko uelekee mbali na nyumba. Fundi akikwambia "haina shida boss" muonyeshe mstari.

Urembo sasa. Jipsam za madaraja matatu zenye taa za rangi, kabati mpya wakati za zamani zinafunga, kubomoa tailizi nzima kwasababu zimepitwa na fasheni. Sina ugomvi navyo, nyumba ni yako na wewe ndio unakaa. Nachosema viite matumizi, kama unavyoita harusi, usiniambie ni uwekezaji. Mthamini wa benki akija hakupi thamani ya dari kama ulivyolilipia, anaangalia eneo, hati, ukubwa, barabara inayofika, hali ya jengo kwa ujumla. Nimeshaona nyumba mbili mtaa mmoja, moja imemwagiwa mamilioni ya finishingi, thamani zimepishana kidogo tu mpaka mwenyewe akakasirika.

Nadhani tatizo letu lina historia. Ile Benki ya Nyumba ya zamani, THB, ilifungwa 1995, na mpaka ikaja sheria ya mikopo ya nyumba 2008 na kampuni ya TMRC 2010 ya kuziwezesha benki kukopesha kwa muda mrefu, mtu wa kawaida hakuwa na mkopo wa nyumba wa kueleweka. Tukajifunza kujenga kidogokidogo, mwaka huu msingi, mwaka kesho boma, hela ikipatikana inageuzwa tofali kabla haijaliwa. Ulikuwa utaratibu wa akili sana kwa sababu tofali halidaiwi riba. Sasa mtu amenunua nyumba kwa mkopo, deni linatembea usiku na mchana, bado anaishi vile vile, kila bonasi mfuko wa saruji. Mazingira yamebadilika, mkono haujabadilika.

Za katikati, zile zinazotaka kalamu, kubwa yake ni vyumba vya uani au frem ya kupangisha. Mtu ananiambia nikitumia milioni 8 kumalizia chumba na choo uani nitapangisha laki moja kwa mwezi. Laki moja mara 12 ni 1,200,000, gawanya kwa milioni 8 unapata asilimia 15. Sawasawa na riba ya mkopo wake, anaona ngoma droo. Sio droo. Kodi ya zuio ya TRA kwenye pango, asilimia 10, bado, miezi chumba kikikaa kitupu bado, bomba la mpangaji likikatika nani anaita fundi, ni wewe. Kikishuka mpaka 11 au 12 halisi benki imeshinda. Lakini kama chumba kimeshapauliwa kimebakiza mlango, plasta na choo, milioni 2 na nusu tu kianze kuingiza hiyo laki, hiyo ni karibu asilimia 48 kwa mwaka kabla ya makato, malizia hata leo na kodi yake iende moja kwa moja kwenye mtaji wa mkopo. Dar wapangaji wengi bado wanalipa miezi sita kwa mkupuo, kwahiyo mara mbili kwa mwaka una furushi la kupeleka benki.

Kukopa ili ukarabati, hapa nitakuwa mkali kidogo. Mtu ana mkopo wa nyumba wa asilimia 15 anaenda kuchukua mwingine wa haraka ameambiwa "riba asilimia 10 tu". Uliza hiyo 10 inahesabiwa kwenye nini. Kama ni kwenye kiasi cha mwanzo mpaka mwisho, milioni 5 kwa miaka 3 utarudisha milioni 6 na nusu, na ukiipiga kwa njia ile ile ya mkopo wako wa nyumba inatoka karibu asilimia 18. Yaani ya 10 ni ghali kuliko ya 15. Kwa urembo usikope kabisa. Kwa paa linalovuja na huna hela, anza na benki yako uliyokopea nyumba, uliza kuongezewa juu ya mkopo ule ule, kuna gharama ya tathmini mpya na makaratasi lakini muda mrefu unasaidia, au kikoba chenu kama riba yake inaeleweka. Na ukumbuke ukiwa mwajiriwa makato yote yakijumlishwa lazima ubakiwe na theluthi moja ya mshahara, kwahiyo mkopo mdogo wa leo unaweza kukuzibia ule wa maana wa kesho.

Kabla hujavunja ukuta wowote, nyumba ni dhamana. Mikataba mingi inasema mabadiliko makubwa ya jengo yanataka idhini ya benki kwa maandishi, na halmashauri nao wana kibali chao. Ukimaliza kazi kubwa waambie na bima, maana wengi wanakatia bima ya moto thamani ya siku ya kukopa na hawaigusi tena.

Na wale wa apatimenti, kwenu mambo ni tofauti kidogo. Chini ya sheria ya umiliki wa sehemu ya jengo ya 2008 paa, ngazi, mabomba makuu ni mali ya wote, kwahiyo dari la ghorofa ya juu likivuja usikimbilie kutoa hela yako ya kupunguza mkopo, peleka kwa umoja wa wamiliki kwanza kwa barua yenye picha na tarehe, mfuko wa pamoja ndio unatakiwa ulipe. Kama umoja wenu hauna mfuko, hiyo ndio ajenda ya kikao kijacho, kabla ya kupaka rangi geti.