Mwalimu wa darasa aulizwe kabla fomu haijajazwa

Walimu wenzangu na nyie wazazi, leo tuongee kuhusu ile fomu ya mpango wa mtoto mwenye mahitaji maalumu, ile yenye sehemu imeandikwa "maoni ya mwalimu wa darasa" na chini yake mistari miwili tu. Kazi yangu ni kuzunguka mashuleni hapa Uganda na walimu wa elimu maalumu, hizo fomu nimezisoma hadi basi, na majibu ni yaleyale, "anajitahidi", "ni mzito kidogo", "aongeze bidii". Sasa kwa hayo utapanga nini?

Na sio kwamba ticha ni mvivu. Ana watoto themanini P.3 (darasa la tatu la msingi), fomu imemfikia Ijumaa jioni na hedimasta anaitaka Jumatatu, hata wewe ungeandika anajitahidi.

Kuna shule moja tulifika kumwona mtoto mwenye ualbino, mpango wake upo safi kabisa kwenye faili: akae mbele, aandikiwe herufi kubwa. Lakini ukifungua daftari lake, kazi za asubuhi zimejaa ukurasa, za mchana mistari mitatu halafu kimya. Sisi wataalamu tukaanza kubahatisha, labda macho yamezidi kuharibika, labda hapati chakula cha mchana. Nikamuuliza mwalimu wake, tena tumesimama tu mlangoni, hivi huyu mchana huwa anakuwaje? Akasema aah, huyo ikifika saa nane anainamisha kichwa, si unaona jua linaingia na huu mlango, ubao wote unang'aa na yeye benchi yake ndo hii. Benchi ya mbele kabisa, karibu na mlango, yaani mpango wetu wenyewe ndo ulimweka pale, na mtu mwenye ualbino mwanga mkali unamtesa macho, hilo tunalifundisha kila mwaka! Mwalimu alilijua tangu muhula unaanza ila hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo mimi siku hizi fomu naiacha kwenye begi kwanza. Nakaa na mwalimu dakika kumi saa ya chai, tunaweka madaftari mawili ya mtoto mezani, la zamani na la sasa, halafu namuuliza vitu alivyoviona kwa macho: wiki hii ni somo gani alimaliza kazi, aliachia wapi, ulipomsaidia ulifanya nini na ikasaidia au haikusaidia, anakaa na nani. Naandika maneno yake kama alivyoyasema na namsomea. Ukimuuliza "ana tatizo gani" atakupa jina la ugonjwa alilolisikia mahali, na hiyo sio kazi yake.

La lugha usilisahau. Tangu mtaala wa mada, ule wa P.1 hadi P.3, uanze 2007, madarasa ya chini watoto wanatakiwa kusoma kwa lugha ya nyumbani, wakifika P.4 ndo wanahamia Kiingereza, na hapo ndo tunaletewa mtoto ameandikiwa "haelewi". Muulize mwalimu, akielezwa kwa Luganda au Lugbara anajibu? Kama anajibu vizuri basi hiyo ni kesi nyingine kabisa.

Marekani sheria yao tangu marekebisho ya 1997 inataka mwalimu wa darasa la kawaida awemo kwenye kikao cha mpango kama mtoto anasoma au anaweza kusoma darasa hilo. Mwaka huohuo sisi tukafungua UPE, yaani elimu ya msingi bure, watoto wanne kila familia na mwenye ulemavu apewe nafasi kwanza. Mlango tuliufungua vizuri, mwalimu aliyewapokea ndani ndo tukamsahau.

Halafu haya maandishi yana faida mbele ya safari. UNEB, lile baraza letu la mitihani, inawaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 45 kila karatasi, wapo wanaopewa maandishi makubwa au Breli, sasa shule inayomkumbuka mtoto wake P.7 wakati wa kusajili mtihani itapata shida kueleza anahitaji nini, wakati walimu wake wameliona tangu P.3.

Yule mtoto tulimhamishia safu ya pili upande wa ukuta, na mlangoni mchana wakawa wanashusha gunia. Na kofia, mwalimu ndo alimwombea kwa hedimasta aivae hata darasani, maana pale shuleni kofia zilikuwa zinavuliwa mlangoni.