Mfupa wa Mchango Si Figo

Tangu habari za biashara ya figo zilipozuka Eldoret mwaka 2025, haipiti wiki katika kliniki yetu ya mifupa hapa Kisumu kabla mgonjwa hajakataa kutia sahihi fomu ya kupandikizwa mfupa. Wa mwisho alikuwa kijana wa bodaboda kutoka Ahero, muundi umepasuka na kuacha pengo. "Sitaki kitu cha maiti mguuni mwangu, daktari."

Hofu yake naielewa, ila mfupa ule haukutoka kwa maiti. Mingi hutoka kwa watu walio hai, wazee wanaobadilishiwa nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja, kama limau kwa ukubwa, sharti kiondolewe ili nyonga bandia iingie. Kisipochangwa, huchomwa pamoja na taka za hospitali. Mama mmoja aliniuliza kama anaweza kukifunga kwenye leso akakizike kwao. Swali la maana kuliko mengi ninayoulizwa.

Mengine nimeyajibu hadi nimechoka. Kabila la mchangiaji halihusiki. Tabia zake hazikuhamii. Kundi la damu nalo halizingatiwi, isipokuwa kwa mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye damu ya Rh hasi. Seli za mfupa huo zimekwisha kufa, kwa hiyo humezi zile dawa za maisha za waliopandikizwa figo. Kazi yake ni ya fito katika nyumba ya udongo: mwili hukandika mfupa wake juu yake, kisha huzila fito zenyewe polepole. Mfupa wako mwenyewe, unaochotwa kiunoni, bado ndio bora, lakini pengo likiwa kubwa hautoshi.

Sasa utaratibu, na tafadhali usome wote. Mchangiaji hutia sahihi kabla ya dawa ya usingizi. Hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Mfupa hukaa kwenye friza ya nyuzi 70 hadi 80 chini ya sufuri, ukiwa na namba badala ya jina. Damu ya mchangiaji hupimwa tena baada ya siku 180, kwani maambukizi mapya yanaweza kukwepa kipimo cha kwanza. Penye mashine za kusaka chembe za urithi za virusi vyenyewe, muda huo unaweza kufupishwa. Mifupa mingine huoshwa, hukaushwa na kupigwa mionzi ya gama. Hatari ya maambukizi hupungua sana, ingawa haiishi kabisa. Ile namba huandikwa kwenye faili lako. Omba kuiona.

Sheria ya Afya ya 2017 inadai idhini ya maandishi kutoka kwa mchangiaji aliye hai. Anayeivunja, au anayetoza pesa kwa kiungo cha binadamu, anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Narudia: au vyote viwili. Gharama ya kupima na kuhifadhi inaweza kuonekana kwenye bili. Mfupa wenyewe hauna bei. Kwa hiyo vijana wanaofika getini kuuliza ubavu mmoja unanunuliwa pesa ngapi, warudi nyumbani.

Yule wa Ahero alitia sahihi siku ya tatu. Kisha nikamwambia aache sigara, kwa sababu moshi huchelewesha mfupa kuunga. Hapo ndipo ubishi wenyewe ulipoanza.