Haelewi nini, daktari?

Kazi yangu ni kupima lugha ya wagonjwa wa kiharusi. Wiki iliyopita nimeletewa faili jingine ambalo penye nafasi ya uelewa wa lugha pameandikwa neno moja tu: "Haelewi." Limepigwa mstari mara mbili, nadhani ili nisibishe. Mgonjwa ni mzee wa miaka sabini na ushei, fundi cherehani, kiharusi upande wa kushoto wa ubongo, wiki ya tatu. Nikamuuliza daktari kijana aliyeandika, ulimpimaje? Akasema, "Nilimwambia anyooshe mkono wa kulia aguse sikio la kushoto, akanitazama tu."

Mkono wa kulia wa mzee huyo umepooza.

Basi leo niandike, nimechoka kulisema koridoni. Kipimo cha uelewa wa lugha hakipimi uelewa wa lugha peke yake. Ili uguse kibao nilichokutajia kati ya vibao vidogo vya rangi vilivyo mezani, lazima unisikie, utulize akili sekunde kadhaa, ushike maneno yote kichwani mpaka nimalize, uchambue sarufi, upekue meza nzima kwa macho, uuzuie mkono usirudi kwenye kibao cha swali lililopita, halafu mkono wenyewe ukutii. Pakikatika popote hapo, fomu inaandika sifuri ile ile. Haina nafasi ya kuandika sifuri ya wapi.

Masikio nayapita haraka: yapimeni kwanza. Nimewahi kuletewa mgonjwa aliyeandikwa "Wernicke", yaani afasia ya kutoelewa maneno, ambaye nusu ya tatizo lake ilikuwa nta. Na miwani, jamani, imo kwenye mkoba wa mkewe. Iko humo siku zote.

Macho yenyewe ni habari nyingine. Yule fundi nilimwekea picha mbili mbili, nikitaja moja aionyeshe. Kati ya kumi alipata nne. Ukiishia hapo, daktari kijana kashinda. Lakini nilipotazama zile sita alizokosa, zote jibu lake lilikuwa upande wa kulia. Nikazipanga upya, moja juu na nyingine chini, nikazisogeza kushotoni kwake. Akakosa moja. Mzee alikuwa haoni nusu ya kulia ya dunia, na hakuwa na maneno ya kutuambia.

Sasa nije kwenye kinachonikera hasa, yaani tafsiri. Token Test ya De Renzi na Vignolo ilitoka Italia mwaka 1962, na toleo lake fupi la 1978 lina vibao vya duara na mraba, vikubwa na vidogo, rangi tano, nawe unaamrishwa uguse hiki au kile. Ni kipimo chenye akili sana, maana hakuna cha kubahatisha kwa mazoea ya maisha. Uzuri wake mmoja unaonekana vizuri hata kwa Kiswahili. Mwambie mgonjwa "gusa duara jekundu na mraba mweusi", kisha mwambie "gusa duara jekundu kwa mraba mweusi". Urefu ni ule ule, mzigo wa kumbukumbu ni ule ule, kilichobadilika ni "na" kuwa "kwa". Akianguka kote kote, nashuku kumbukumbu au umakini. Akianguka kwenye "kwa" peke yake, nashuku sarufi. Ila hiyo ya pili inataka ashike kibao kimoja akigusishe kingine, kwa mkono wa kushoto ambao hakuuzoea, na watu wa kiharusi cha kushoto wengi wana apraksia juu yake, yaani ubongo hushindwa kupanga kitendo japo mkono una nguvu. Kwa hiyo hata hapo siapi.

Lakini angalieni Kiswahili kinavyofanya. "Mraba mdogo mweusi": m, m, mw. "Duara dogo jeusi": hamna m hata moja. Umbo limetajwa na jina, likarudiwa na kivumishi cha ukubwa, likarudiwa tena na cha rangi. Kwa Kiingereza rangi haisemi lolote kuhusu umbo. Kwetu inalisema tena na tena. Aliyekosa kulidaka jina anaweza kulidaka kwenye "mweusi". Hicho si kipimo kile kile kilichovaa kanzu, ni kipimo kingine. Na hayo ni kwa Kiswahili cha shule. Kuna wagonjwa wangu ambao nyumbani husema "duara nyeusi, mraba nyeusi", na kwao msaada wote huo unayeyuka.

Halafu "mraba" lenyewe ni neno la darasani. Bibi ambaye hakusoma hana mraba, ana "kile chenye pembe". Wataliano hawakuwa wajinga: katika toleo fupi la 1978 alama hurekebishwa kwa miaka ya shule. Sisi tunatafsiri maswali, marekebisho tunayaacha.

Siku hizi natumia vifungo na vijiti nilivyopaka rangi mwenyewe. Kifungo kikubwa chekundu, kijiti kikubwa chekundu: ngeli moja, hakuna cha kudokezwa bure, na kila mtu anavijua. Hasara yake naijua pia. Alama zangu sasa hazilinganishiki na za mtu yeyote duniani ila za kwangu mwenyewe.

Maswali ya ndiyo na hapana ndiyo kipenzi cha wodi kwa sababu ni ya haraka. Western Aphasia Battery, kipimo cha afasia (lugha iliyoharibika kwa kuumia ubongo), inayo ishirini. Ukijibu "ndiyo" mwanzo mpaka mwisho utapata karibu nusu bila kuelewa chochote, na wapo waliokwama kwenye "ndiyo" hivyo hivyo. Limo la kama theluji huanguka Julai. Mzee wa Pangani atasema hapana, na ukimuuliza Januari atasema hapana vilevile. Limo la kama Machi hutangulia Juni. Kwetu ni mwezi wa tatu na mwezi wa sita, kwa hiyo umemuuliza hesabu, tena nyepesi. Na msimuulize mgonjwa kwa kukanusha! "Hujala?" Akajibu "ndiyo", yaani ndiyo, sijala. Nesi akaandika amekula.

Kuna jingine ambalo vitabu haviligusi sana. Mimi ni mdogo kwa huyu mzee kwa miaka thelathini. Nimemwamkia shikamoo, kaitikia kwa kichwa, kisha naanza kumwamrisha: gusa hiki, weka pale. Mmoja alinisukumia vibao vyangu taratibu akasema neno pekee alilokuwa nalo siku hiyo: "Watoto." Nilimpa sifuri? Sikumpa kitu. Nilimwomba radhi tukaanza upya kesho yake.

Upande wa pili wapo ndugu wanaoapa, "Anaelewa kila kitu!" Unamwambia chai huku umeshika chupa ya chai, saa ya chai, unakitazama kikombe. Hata mimi ningeelewa, kwa lugha yoyote.

Msichotaka kusikia ni hiki: sijui kumbukumbu ya muda mfupi niiweke ndani ya uelewa au nje. Mwaka 1969 Warrington na Shallice walimweleza mgonjwa KF, aliyeumia ubongo kwa ajali ya pikipiki, asiyeweza kurudia zaidi ya tarakimu moja au mbili alizotajiwa, na bado mazungumzo ya kawaida aliyafuata vizuri. Mtu kama huyo akipewa amri ndefu za vibao ataonekana gogo. Kwa hiyo napima pia kwa kugonga vijiti mezani kwa mpangilio, mgonjwa arudie bila lugha. Hicho nacho kinataka macho na mkono. Tumerudi pale pale.

Fundi wangu nilimwandikia hivi: neno moja na sentensi fupi anaelewa, sentensi yenye mambo matatu anapoteza la mwisho, haoni kulia, kaeni kushoto kwake, semeni jambo moja, mnyamaze, ndipo la pili. Nesi akaisoma yote, akageuza ukurasa, akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa niweke tiki wapi? Hapa kuna visanduku viwili tu, anaelewa na haelewi."