Réunion: Kwenye Mlima wa Moto, Ogopa Maji

Tukizungumza na umma kuhusu volkano, swali huwa ni lilelile: lava ikinijia, nitaweza kukimbia? Kwa volkano za aina ya kisiwa cha Réunion, mara nyingi hutahitaji kukimbia. Ukiwa mbali na ufa inakotokea, lava yake kwa kawaida husogea polepole kuliko mtu anayetembea. Kinachomtesa mtembezi wa Réunion ni maji, yakiwa mengi mno, au yakikosekana kabisa katikati ya mwamba mkavu.

Kisiwa hiki kiko mashariki mwa Madagaska na ni mkoa wa Ufaransa tangu 1946. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,512, kwa hiyo kinakaribiana na Unguja na Pemba zikiunganishwa. Lakini ndani ya eneo hilo dogo kuna volkano mbili zilizoinuka kutoka sakafu ya bahari. Piton des Neiges, yenye takriban mita 3,070, imezimika tangu maelfu ya miaka. Piton de la Fournaise, mita 2,632, ni miongoni mwa volkano zinazolipuka mara kwa mara kuliko nyingi duniani. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro atadhani hiyo ni kazi ndogo. Ni kweli kwamba hapa hewa nyembamba haimwangushi mtu kama kule kwetu kwenye mita 5,895. Magoti, hata hivyo, yatakuwa na habari nyingine: njia hazizunguki mlima taratibu, zinashuka korongo kwa ngazi za mawe na miti, kisha zinapanda ukuta wa pili.

Makorongo hayo yamechimbwa na mvua. Pepo za kusini-mashariki huja zimebeba unyevu wa bahari, zikagonga milima na kuumwaga sehemu kubwa upande wa mashariki, ambako baadhi ya miteremko hupata zaidi ya mita saba za mvua kwa mwaka. Dar es Salaam hupata kama mita moja na kidogo. Halafu kuna vimbunga. Januari 1966, mahali paitwapo Foc-Foc palipata milimita 1,825 ndani ya saa 24, na Februari 2007 kimbunga Gamede kilimwaga milimita 3,929 kwa siku tatu karibu na kreta ya Commerson. Ni rekodi za dunia. Maji ya namna hiyo, pamoja na kuporomoka kwa mlima wenyewe, ndiyo yaliyoipasua Piton des Neiges na kuacha mabonde makubwa matatu yaliyozungukwa na kuta za mwamba: Cilaos, Salazie na Mafate.

Mafate haina barabara hadi leo. Unaingia kwa miguu au kwa helikopta, na barua zilipelekwa miaka mingi na tarishi aliyetembea. Hapa nitatoka kidogo kwenye mawe, kwa kuwa njia hizi zina historia inayotugusa. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa hivi vya Wafaransa. Watu wa pwani yetu na wa bara waliokamatwa walifikishwa Réunion, pamoja na wengi kutoka Madagaska. Waliotoroka walikimbilia kwenye mabonde yale, na sehemu kadhaa bado zina majina ya Kimalagasi, Cilaos na Mafate zikiwamo. Utumwa ulifutwa kisiwani tarehe 20 Desemba 1848. Unapohema kwenye ngazi ya mia ngapi sijui, kumbuka kwamba watoro walizipanda kuta hizi usiku, bila njia iliyochongwa.

Leo njia zimechongwa na zina alama. Njia ndefu iitwayo GR R2 inakata kisiwa kizima kutoka Saint-Denis kaskazini hadi Saint-Philippe kusini, kama kilomita 130, na alama zake ni mistari ya rangi nyeupe na nyekundu. Msimu mzuri ni Mei hadi Novemba. Anza alfajiri: kufikia saa nne asubuhi mawingu huwa yameanza kupanda mteremko, na mchana unaweza usione mita ishirini mbele. Mvua kubwa ikitangazwa, usivuke mto kwa sababu tu unaonekana mdogo. Mvua inaweza kuwa inanyesha juu ya ukuta usiouona. Baada ya kimbunga njia nyingi hufungwa kwa maporomoko, kwa hiyo uliza kwanza ofisi ya misitu au wenyeji.

Ukifika Fournaise, mambo yanageuka. Mwanzo wa njia ni Pas de Bellecombe, ukingoni mwa kaldera (shimo pana lililoachwa na volkano iliyobonyea) ya Enclos Fouqué, na kuna lango. Waangalizi wa volkano, ambao kituo chao kilianzishwa 1979, hupima mitetemo na kuvimba kwa mlima. Dalili zikizidi, lango hufungwa na watembezi hurudishwa. Ukiruhusiwa kushuka, utatembea juu ya basalti changa, yaani mwamba mweusi wa lava iliyopoa, ambayo haishiki maji hata kidogo. Mvua ikinyesha hupotea chini papo hapo, hakuna kijito wala kisima, na jua hupiga mwamba mweusi hadi uchome soli. Beba lita mbili au tatu kila mtu. Kuna lava laini yenye mikunjo kama kamba iliyoviringishwa, ambayo ngozi yake ya juu wakati mwingine ni ganda lenye uwazi chini, na kuna lava ya makoko inayochana viatu na viganja. Alama hapa ni madoa meupe juu ya mwamba. Ukungu ukishuka na doa linalofuata likawa halionekani, simama palepale, subiri.

Ufukwe wa kusini-mashariki ni habari ya mwisho, na kwa mtu wa pwani ndio unaodanganya zaidi. Sisi tumezoea bahari iliyovunjwa nguvu na matumbawe kabla haijafika kwetu. Pale lava ni changa na imezama ghafla kilindini, hakuna mwamba wa matumbawe wa kuikinga nchi, na mawimbi makubwa ya bahari ya kusini hugonga genge moja kwa moja. Njia inapita juu ya genge hilo kati ya mikadi, jamaa wa mkadi wetu, na sehemu iliyolowa maji ya chumvi ni sehemu ambayo wimbi limefika, basi litarudi. Lava ikiingia baharini, mvuke unaopanda hubeba asidi na vipande vya kioo cha volkano; usiusogelee kwa ajili ya picha.

Kati ya Sainte-Rose na Saint-Philippe, kando ya barabara, vibao vinaonyesha mwaka wa kila mkondo wa lava: 1986, 2004, 2007. Iliyo changa ni nyeusi tupu. Inayofuata imeota kuvu-mwani wa kijivu, kisha madole ya majani ya kangaga kwenye nyufa, kisha vichaka, yote upesi kwa sababu ya ile mvua. Mkondo wa Aprili 2007 ulikuwa mnene mno hivi kwamba kwa miaka mingi baadaye, kila mvua iliponyesha, ulifuka mvuke kama chungu kilichoondolewa mekoni.