Nishati Inapohama kwa Kubadilishana Elektroni

Yeyusha benzofenoni na naftalini pamoja, gandisha myeyusho ndani ya naitrojeni kimiminika, kwenye kelvini 77, kisha mulika kwa mwanga wa nanomita 365. Naftalini haifyonzi mwanga huo. Yenyewe huanza kufyonza chini ya nanomita 320 hivi. Hata hivyo inayong'aa ni naftalini, kwa fosforesensi ya kijani inayoendelea kuonekana kwa muda baada ya taa kuzimwa. Wanasayansi Terenin na Ermolaev walilichunguza jambo hili katika Umoja wa Kisovieti mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1953 mwanafizikia D. L. Dexter akatoa nadharia inayolieleza.

Anza na viwango vya nishati. Benzofenoni ikifyonza mwanga hupanda hadi hali ya singleti (spini, yaani mielekeo ya kisumaku ya elektroni zake mbili, zinapingana), takribani kilojuli 316 kwa moli, na ndani ya pikosekunde 10 hivi karibu molekuli zote zimeshashuka kwenye tripleti (spini hizo zinaelekea upande mmoja), kilojuli 288. Singleti ya naftalini iko juu mno, karibu 385, kwa hiyo haifikiki. Tripleti yake iko 254. Mlango uliobaki wazi ni huo mmoja, wa tripleti kwenda tripleti, wenye mteremko wa kilojuli 34.

Njia ya Förster, ile nyingine ya kuhamisha nishati ambayo mwingiliano wake ni wa dipoli kwa dipoli, haisaidii hapa. Inahitaji mpokeaji wa nishati (hapa naftalini; mtoaji ni benzofenoni) awe na uwezo wa kufyonza kutoka hali ya chini hadi hali anayopelekwa, na ufyonzaji wa singleti kwenda tripleti ni hafifu mno kwa sababu spini inapaswa kugeuka. Katika njia ya Dexter hakuna spini inayogeuka. Elektroni iliyo kwenye obiti ya juu ya benzofenoni inahamia obiti tupu ya juu ya naftalini, na papo hapo elektroni kutoka obiti ya chini iliyojaa ya naftalini inakuja kuziba pengo la benzofenoni. Chaji hazibadiliki upande wowote. Jumla ya spini ya jozi nzima ni ileile. Kilichobadilika ni nani anabeba tripleti.

Kasi yake huandikwa hivi:

k = (2π/ħ) K² J exp(−2r/L)

K ni nguvu ya mwingiliano wa kubadilishana elektroni, r ni umbali kati ya molekuli mbili, L ni urefu unaoonyesha jinsi obiti zinavyofifia kwa umbali, na ħ ni kisobadilika cha Planck kikigawanywa kwa 2π. J ni kiasi ambacho spektra ya utoaji ya mtoaji inalaliana na spektra ya ufyonzaji ya mpokeaji, lakini kila moja ikiwa imesawazishwa ili eneo lake liwe 1. Hapo ndipo wengi hupotea. Kwa Förster, mpokeaji anayefyonza kwa nguvu ni mpokeaji bora. Kwa Dexter nguvu ya ufyonzaji imefutwa na usawazishaji huo, kwa hiyo ukichagua mpokeaji kwa kuangalia ukubwa wa ufyonzaji wake unachagua kwa kigezo kisichohusika. Kinachohusika ni nishati ya tripleti, na hiyo huipati kwenye spektra ya kawaida ya ufyonzaji. Ipime kwa fosforesensi kwenye kelvini 77, usome bendi ya kwanza upande wa nishati kubwa, si kilele kirefu kuliko vyote.

Sehemu ya kipeo, exp(−2r/L), ndiyo inayotawala kila kitu. Obiti lazima zilaliane, na mlaliano huo hufifia haraka sana. Mkemia Closs na wenzake waliunganisha benzofenoni na naftalini kwa vipande vigumu vya sikloheksani na dekalini, wakaona kwamba kila bondi moja ya ziada inapunguza kasi kwa exp(−2.6), yaani karibu mara 13. Kwa uhamisho wa elektroni peke yake, au wa pengo peke yake, kipeo kilikuwa 1.15 hivi kwa bondi. Jumlisha hizo mbili, unapata 2.3, karibu sana na 2.6. Kwangu huo ndio ushahidi mzuri kuliko wote kwamba elektroni kweli zinavuka mbili, moja kila upande. Linganisha na Förster: kutoka nanomita 1 hadi 1.13, ambayo ni takribani hatua ya bondi moja, kasi yake inapungua nusu tu.

Katika kimiminika basi molekuli lazima zigongane. Nishati ikiteremka kwa zaidi ya kilojuli 12 hivi, karibu kila mgongano unafanikiwa. Tripleti mbili zikilingana, nusu ndiyo inayofanikiwa. Mpokeaji akiwa juu kwa kilojuli 10, kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, kasi inashuka karibu mara 57.

Kwa kipimo chenyewe, tumia asetonitrili, benzofenoni milimoli 5 kwa lita (hiyo inatoa ufyonzaji wa karibu 0.5 kwenye nanomita 355 katika kuveti ya sentimita 1), na naftalini ya kuanzia 0 hadi milimoli 1. Piga leza ya nanomita 355 yenye mapigo ya nanosekunde chache. Tripleti ya benzofenoni inaonekana kwenye nanomita 525, ya naftalini kwenye 415. Ya kwanza ikififia huku ya pili ikipanda kwa kasi ileile, umeuona uhamisho wenyewe. Chora kasi ya kufifia dhidi ya ukolezi wa naftalini. Mteremko wa mstari ni kisobadilika cha kasi. Kikiwa lita 5×10⁹ kwa moli kwa sekunde, milimoli 1 inafupisha uhai wa tripleti hadi nanosekunde 200.

Adui wa kwanza ni oksijeni. Asetonitrili iliyokaa hewani ina takribani milimoli 2 kwa lita, inayotosha kuiua tripleti ndani ya nanosekunde 250, kwa kuwa singleti ya oksijeni iko kilojuli 94 tu. Pitisha agoni kwa dakika 20, nayo ipite kwanza kwenye chupa ya asetonitrili safi, la sivyo kiyeyushi kitavukizwa na ukolezi wako utapanda bila wewe kujua. Usitumie propanoli-2. Tripleti ya benzofenoni inaipora hidrojeni na kufa ndani ya nanosekunde chini ya 100, na radikali inayozaliwa inafyonza karibu na 545, juu ya ishara unayoipima. Dalili yake ni mkunjo usiorudi sifuri.

Katika kioo kilichogandishwa hakuna kugongana, kwa hiyo ukolezi unapanda sana. Tumia kanuni ya Perrin: logi asilia ya I₀/I ni sawa na V·N·C, ambapo I₀ na I ni mwanga wa mtoaji bila mpokeaji na akiwapo mpokeaji, V ni ujazo wa tufe ambalo mpokeaji akiwa ndani yake mtoaji anazimika, N ni namba ya Avogadro, na C ni ukolezi. Kwa nusukipenyo cha nanomita 1.3, logi inafika 1 kwenye moli 0.18 kwa lita. Ukipata nusukipenyo cha nanomita 3 au 4, hiyo si Dexter. Shuku Förster, au mpokeaji aliyejikusanya vishada wakati wa kuganda.

Na mwanga wa mtoaji kupungua, peke yake, hauthibitishi kitu. Mpokeaji anaweza kuwa anafyonza mwanga wa taa, au anachukua elektroni moja bila kurudisha nyingine. Uwezekano huo wa pili huacha ioni radikali kwenye spektra ya leza na kwa kawaida hubadilika sana ukibadilisha upolari wa kiyeyushi. Uhamisho wa Dexter haujali sana upolari huo.